Nani alilala hapa kabla yetu?

Wandugu, nimekuwa kimya wiki kadhaa na wengine mmeanza kuulizana kama nimeoa kimyakimya. Wapi! Nilikuwa nyumbani, Ganako, Karatu. Na safari hii tulifanya jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kulifanya: tulikwenda kupiga kambi Ngorongoro. Sikwenda kuandika habari wala kusindikiza wageni. Tulikwenda sisi wenyewe: mama, dada, shemeji, watoto wao wawili na mimi.

Mtu wa Dar anaweza kudhani watu wa Karatu tunaingia Ngorongoro kila Jumapili. Hakuna kitu kama hicho. Magari ya watalii yanatupita mchana kutwa kuelekea lango la Lodoare. Tunayaendesha, tunayatengeneza, tunawapikia waliomo ndani. Lakini kulala huko? Nilipomweleza mama alicheka sana. "Mwanangu, nikalale kwenye turubai na nyumba ninayo?"

Basi tukabeba mahema, mablanketi, jiko la gesi, sufuria ya makande na chupa tatu za chai. Tulichagua Empakai, sio ile kreta kubwa inayojulikana, kwa sababu huko chini kwenye kreta kubwa watalii hawaruhusiwi kulala. Unapita ukingo wa Ngorongoro, unapita Nainokanoka na maboma ya Wamaasai, unapanda tena mpaka baridi inakuuma masikio. Halafu miti inafunguka na unaliona ziwa huko chini, limezungukwa na kuta za mlima pande zote. Kreta ina upana wa kama kilomita 6 na ziwa limechukua karibu nusu ya sakafu yake. Pembezoni kuna mstari wa waridi. Mpwa wangu alidhani ni maua. Ni heroe!

Usiku, watoto wamelala, tumekaa kwenye moto, mama akauliza swali moja. "Hawa wenye ng'ombe tuliowapita njiani, mbona hawalali huku kwenye maji?" Mimi mwandishi wa habari, mwenye majibu ya kila kitu, nikaanza kujibu. Jibu lenyewe lilikuwa refu kuliko nilivyotegemea.

Vitabu vingi vya watalii vinaanza na Oscar Baumann, Mwaustria, ambaye Machi 1892 alifika ukingoni mwa Ngorongoro, akashuka na msafara wake na kupiga kambi ndani ya kreta. Anatajwa kama Mzungu wa kwanza kuiona. Sawa. Lakini hakukuta pori tupu. Alikuta Wamaasai, tena katika hali mbaya kuliko zote walizowahi kupitia. Sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe wao, na Baumann mwenyewe aliandika jinsi watu waliokonda kwa njaa walivyokuja kambini kwake kuomba chakula. Na kabla ya Wamaasai kuichukua nyanda ile katika karne ya 19 walikuwepo Wadatoga, ambao wengi wetu tunawaita Wamang'ati. Wazee wao wamezikwa mle ndani.

Wakaja Wajerumani. Ndugu wawili, Adolph na Friedrich Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya kreta mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa. Walifuga ng'ombe, na mabaki ya nyumba ya Adolph yapo hadi leo karibu na mto Munge. Kwa hiyo hata ile hadithi kwamba kreta ni bustani ambayo haijawahi kuguswa na jembe ni hadithi tu.

Baada ya vita hiyo wakatawala Waingereza. Mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikaanzishwa, na Ngorongoro ikiwa ndani yake. Ugomvi ukaanza: je, hifadhi ya taifa inaweza kuwa na watu? Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka sahihi hati ya kukubali kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa iwe eneo la hifadhi ambamo watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa ahadi.

Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta ya Ngorongoro wakatolewa. Mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku katika eneo lote. Kwa miaka mingi baada ya hapo wafugaji waliendelea kushusha ng'ombe kwenye kreta kutafuta maji na chumvi, wakirudi jioni. Katika miaka ya 2010 hilo nalo likazuiwa, Empakai ikiwemo. Ndilo jibu la swali la mama. Sisi na kibali chetu tuliruhusiwa kushuka kwenye lile ziwa asubuhi, tukiongozwa na askari mwenye bunduki. Ng'ombe wa jirani haruhusiwi.

Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari, na kwamba watu waliokuwa kama 8,000 mwaka 1959 sasa wamepita 100,000, hifadhi haibebi tena. Wenyeji wengi wanasema hiari gani hiyo, kama huduma zinapungua mpaka mtu anaona afadhali aondoke. Agosti 2024 maelfu walijitokeza barabarani kupinga.

Sasa nisijifanye mtakatifu. Karatu inakula kutokana na ile hifadhi. Maji yetu yanategemea ule msitu wa nyanda za juu; ukikatwa, tutalia sisi wa kwanza. Kwa hiyo sisemi hifadhi ifutwe. Ninachouliza ni kwa nini kila mara hesabu inapokuwa ngumu, anayeambiwa afunge mizigo ni yule yule.

Wakati wa kurudi tulisimama ukingoni, kwenye mnara wa kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 akiwa katika kazi ya kuhesabu wanyama. Baba yake, Bernhard, alifariki mwaka 1987 na majivu yake yakazikwa hapo hapo. Walifanya kazi kubwa, siwanyimi. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata Oscar. Watoto walitaka kupiga picha na mnara, tukapiga.

Mama hakushuka garini. Alikuwa anaangalia kule chini kwenye kreta, magari ya watalii yanavyokwenda kama sisimizi. Akauliza, "Na wale wa mwaka 1974, wana alama gani hapa?"

Nilitafuta cha kumjibu mpaka tukafika Lodoare. Tukateremka Karatu, tukanywa supu, kila mtu akaoga maji ya moto. Mahema bado yananuka moshi. Watoto wanauliza tunarudi lini, na nataka turudi, kweli kabisa. Ila safari ijayo nitapenda mtu wa Nainokanoka akae nasi kwenye moto, atusimulie yeye. Hiki nilichowaandikia ni kile kinachopatikana vitabuni, na vitabu vingi vimeandikwa na wageni waliolala pale usiku mmoja mmoja. Kama sisi tu.

Wewe je, kwenu kuna mahali ambapo bibi yako alilala bure na wewe leo unalala kwa kibali?