Uzazi ugenini: Haki ya mama kuelewa kabla ya kukubali

Mwanamke wa Afrika Mashariki anayejifungua nchini Marekani hukuta utaratibu ulio tofauti na ule aliouzoea. Nchini Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo, mkunga ndiye anayemwangalia mama tangu kliniki hadi mtoto kuzaliwa, na daktari huitwa mambo yanapoharibika. Marekani daktari ndiye mwenye usukani. Ni takriban mtoto mmoja tu kati ya kumi anayepokelewa na mkunga, na karibu mmoja kati ya watatu huzaliwa kwa upasuaji.

Hali hiyo inawagusa wakazi wa Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus katika jimbo la Ohio na Buffalo katika jimbo la New York, miji mitatu iliyowapokea wakimbizi wengi kutoka Kongo na Somalia.

Hatari si ya kufikirika. Mwaka 2023 wanawake 18.6 walifariki dunia kutokana na uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini Marekani. Kwa wanawake weusi idadi ilikuwa 50.3.

Kiswahili kipi?

Tatizo la kwanza ni lugha. Wasomali Wabantu walioanza kupelekwa Marekani kutoka kambi za Kenya mwaka 2003, na ambao baadhi yao wanaishi Columbus, wengi husema Kimaay, na wengine Kizigula. Mkalimani wa Kisomali cha kawaida huenda asielewane nao. Mama aliyetoka Bukavu au Lubumbashi huandikwa kuwa msemaji wa Kiswahili, lakini Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa, na huenda asimfuate mkalimani wa Mombasa.

Neno moja laweza kugeuza uamuzi. Ganzi ya mgongoni ikitafsiriwa kuwa dawa ya usingizi, mama atadhani atapoteza fahamu na kuikataa. Kuongezewa njia si sawa na kupasuliwa tumbo, ila mkalimani akisema tu "utakatwa", mama hawezi kujua anaombwa kukubali lipi.

Watafiti katika nchi kadhaa za Magharibi wameeleza kuwa wanawake wengi wa Kisomali huogopa upasuaji, kwa kuhofia kifo au kushindwa kuzaa tena. Kwa waliokeketwa na kushonwa, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri mshono ufunguliwe ili kuepusha madhara wakati wa kujifungua. Hilo ni jambo la kuzungumzwa mapema, si wakati uchungu umekwisha kupamba moto.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na Sheria ya Huduma za Afya ya mwaka 2010 zinazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumpatia mgonjwa mkalimani mwenye sifa, bila malipo. Mtoto hatakiwi kutumiwa kutafsiri, isipokuwa katika dharura ambapo mkalimani hajapatikana.

Machi 2025 Rais Donald Trump alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi na kufuta amri iliyotolewa na Rais Bill Clinton mwaka 2000 kuhusu huduma kwa wasiojua Kiingereza vyema. Hata hivyo, amri ya rais haifuti sheria iliyopitishwa na bunge, na haki ya mkalimani hospitalini haikuondolewa na hatua hiyo.

Kuhusu ridhaa, chama kikuu cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilieleza mwaka 2016 kwamba mjamzito mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu, na kwamba kumshurutisha hakukubaliki. Haki hiyo haina maana kwa asiyeelewa anachokikataa.

Wasindikizaji wa uzazi

Buffalo imejaribu njia nyingine. Kituo cha afya cha Jericho Road, kilichoanzishwa na daktari Myron Glick mwaka 1997 na ambacho pia kina zahanati mjini Goma, kina mpango uitwao Priscilla Project unaowapatia wakimbizi wajawazito wanawake wa kuwasindikiza. Msindikizaji hazalishi wala hatoi dawa. Kazi yake ni kukaa na mama, kumweleza na kuhakikisha sauti yake inasikika.

Wilaya ya Erie, uliko mji wa Buffalo, ndiyo iliyoanza mwaka 2019 majaribio ya jimbo la New York ya kuwalipa wasindikizaji kupitia bima ya Medicaid. Mwaka 2024 malipo hayo yalienea jimbo zima. Ohio ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2023.

Kentucky nayo ina historia yake. Mwaka 1925 Mary Breckinridge alianzisha huko huduma ya wakunga waliopanda farasi kuwafuata akina mama milimani. Karne moja baadaye, mama wa Kikongo aliyeko Louisville anahitaji jambo lile lile: mtu wa kumfikia pale alipo, safari hii kwa lugha yake.