Sembe Ilivyoingia Ugogo

Kabla sijastaafu nilikuwa mtunza stoo wa shule moja ya bweni mkoani Dodoma. Ukitoka tu nje ya uzio, kila upande ni mashamba ya mtama na uwele. Ndani ya stoo yangu hapakuwa na hata punje ya nafaka hizo. Lori lilikuja na sembe kutoka Iringa, nami nikaipokea, nikaipima, nikaipanga juu ya mbao isishike unyevu, nikaiandika daftarini. Wanafunzi, wengi wao watoto wa Wagogo wa vijiji vya jirani, walikula ugali mweupe kwa maharage mchana na jioni. Likizo ikifika walirudi kwao na kumnung'unikia bibi kwamba ugali wake una rangi ya udongo.

Sikuwalaumu, maana sembe hiyo tuliwazoesha sisi. Ila ukimsikia mtu anaapa kwamba ugali wa sembe ndio chakula chetu cha asili, mwambie akae kitako.

Mahindi ni mgeni wa kutoka Amerika. Yalifika pwani yetu wakati wa Wareno, baada ya mwaka 1500, na kwa muda mrefu bara waliyachukulia kama kitafunio tu. Huku kwetu yalipandwa mashina machache kando ya tembe, penye samadi ya ng'ombe, yakachomwa mabichi wakati watu wakisubiri nafaka yenyewe ikomae. Nafaka yenyewe ilikuwa mtama, na hasa uwele, kwa sababu mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja, tena haiaminiki.

Bibi yangu alisaga uwele kwa mawe mawili. La chini lilikuwa pana na limeinamishwa kidogo, la juu linaenea viganja viwili. Alipiga magoti, akanyunyiza maji kidogo kwenye punje, akasukuma na kuvuta, unga ukawa unadondoka kwenye ungo uliowekwa mbele. Ugali wake ulikuwa wa kijivu, mzito, ukishika tonge halikuachii. Kwa mlenda uliotiwa magadi lazima tonge liwe hivyo, vinginevyo mboga yote inabaki kwenye bakuli. Sembe kwa mlenda, kusema kweli, ni kama kuvaa koti la mtu mwingine.

Aliyeanza kubadilisha sufuria zetu hakuwa mpishi. Ilikuwa vita. Mwaka 1914 Wajerumani na Waingereza walipoanza kupigana Afrika Mashariki, majeshi yalihitaji wapagazi kwa maelfu, na mpagazi lazima alishwe kitu kinachobebeka na kugawiwa kwa kipimo. Kwa upande wa Waingereza, kitu hicho kilikuwa hasa unga wa mahindi. Watu waliozoea ndizi, mtama au ulezi walipewa unga uliosagwa ovyo, wakaupika kwa haraka, nusu mbichi, kwa kuni chache. Matumbo yaliharibika. Kuhara damu kuliua wapagazi wengi kuliko risasi, na hata maofisa wenyewe waliulaumu ule unga. Waliopona walirudi makwao wakiwa wameshakula mahindi kila siku kwa miezi mingi.

Ugogo kwenyewe vita hiyo ilikomba kila kitu. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana, kisha wakaja Waingereza wakachukua kilichobaki. Ukame ulipoingia hapakuwa na akiba ghalani. Njaa ya kati ya 1917 na 1920 wazee wanaiita Mtunya, na nilipokuwa mdogo ilitajwa kwa sauti ya chini, kama anavyotajwa marehemu.

Baada ya hapo ukaja mkonge. Babu yangu mzaa mama alikwenda kukata mkonge Kilosa, kama walivyokwenda wengi waliotakiwa kulipa kodi kwa fedha taslimu. Mashamba yale yalitoa posho, na posho maana yake ilikuwa unga wa mahindi. Mwenye shamba hakuwa na chuki na uwele. Mahindi yalipatikana kwa wingi, yalisagwa upesi kwa mashine, na mwanamume aliye mbali na mkewe aliweza kuusonga ugali wake bila kugusa kinu wala jiwe. Babu alirudi na blanketi, baiskeli, na ulimi uliokwishazoea.

Na weupe je? Mahindi ya zamani yalikuwa ya rangi nyingi, mekundu, ya njano, ya madoa. Walowezi wa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ndio waliopanda kwa wingi mbegu nyeupe kutoka Afrika Kusini, kama ile iitwayo Hickory King. Sababu mojawapo ilikuwa ya biashara tupu: viwanda vya wanga Uingereza vililipa vizuri zaidi kwa mahindi meupe. Biashara ikataka rangi moja, mbegu zikafuata, na weupe ukageuka kuwa ustaarabu. Mwaka 1964, Kenya ikiwa imeshajitawala, kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara ya H611. Nayo ilikuwa nyeupe.

Kwetu Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 lilileta utaifishaji wa vinu vikubwa, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Katikati ya miaka ya sabini bei ya mahindi kwa mkulima ikawa moja nchi nzima, awe jirani na reli au awe Sumbawanga, na sembe ya mjini ikapewa ruzuku iliyodumu hadi 1984. Mama wa Dar es Salaam aliyetaka kupika mtama ilimlazimu autafute, aulipie zaidi, kisha autwange. Sembe ilikuwa tayari dukani, ilimradi foleni isogee. Mwishoni mwa miaka ya sabini serikali ilipandisha bei ya mtama ili wakulima wa maeneo makavu waulime. Wakaulima, NMC ikaununua, na mjini hakuna aliyeutaka. Wateja walikuwa wameshafundishwa kula kitu kingine.

Kuna sababu nyingine ambayo wataalamu wa mjini huisahau: ndege. Mtama na uwele hukaa wazi juu ya shina, na kundi la kwelea likitua asubuhi, mchana huna shamba. Sisi watoto tulikaa juu ya dungu tangu alfajiri, na kombeo na debe bovu la kugonga. Mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ilipoanza, watoto wakaingia darasani. Hindi lina maganda yake, halihitaji mlinzi. Mzazi mwenye akili akaanza kupanda mahindi hata pale ambapo mvua haiyatoshi, na miaka mibaya akavuna mabua.

Wengine wa rika langu wanakumbuka yanga, ule unga wa njano uliotokana na mahindi ya Marekani, baada ya ukame wa 1973 hadi 1975. Mjomba wangu, shabiki wa Simba hadi mfupani, alilazimika kula Yanga mara mbili kwa siku na jirani zake hawakumwacha apumue. Watu walisema ni chakula cha mifugo. Kumbe ule unjano ndio wenye viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, ambavyo mahindi meupe hayana. Mwaka 2012 Zambia iliidhinisha mbegu za mahindi ya rangi ya chungwa kwa sababu hiyohiyo. Tuliukataa unjano, tukabaki na sembe iliyokobolewa hadi kiini chake kikaenda na pumba kwa kuku.

Leo uwele unarudi, lakini kwa mlango wa hospitali. Mwenye sukari anaambiwa aache sembe, anakwenda sokoni Majengo kuulizia unga wa bibi yake, na anauziwa ghali kuliko sembe. Mtama nao unagombewa na viwanda vya bia.

Wanaoandika zabuni za chakula cha shule wanajua kwamba mtoto hula anachopikiwa, na akikizoea hukitafuta ukubwani. Mimi niliona hivyo kwa sembe. Basi ninawaomba, wakuu wa shule na halmashauri za Dodoma: andikeni mtama na uwele kwenye zabuni, walau siku mbili kwa wiki, na mnunue kwa wakulima walio nje ya uzio wenu.