Kati ya Kirore na Muuma: Neema Ilivyofika Kiambu

Kahawa Sukari, mtaa wa Kiambu kando ya barabara ya Thika, mtu akisimama katika ushirika wa nyumbani hatangulizi kazi yake wala kiwanja chake. Husema, "Bwana asifiwe," akaitikiwa "Amina," kisha akasimulia siku aliyookoka na kosa alilolitubu wiki hii. Desturi hiyo imeitangulia mitaa hii, tangu nchi ya Ruiru na Thika ilipokuwa mashamba ya kahawa na mkonge. Ilizaliwa wakati watu wa Kiambu walipokuwa wakibishana vikali juu ya namna mtu anavyopata haki mbele za Mungu.

Neno lenyewe lina uzito. Haki ndiyo mtu aidaiyo mahakamani, na ndiyo Biblia ya Kiswahili inayosema mwenye dhambi huhesabiwa kwa imani. Ya mahakamani hudaiwa. Hii ya pili hupokewa mikono mitupu.

Mafundisho hayo yalikuwemo katika vitabu vya wamisheni tangu mwanzo, lakini maisha ya misheni yalifundisha vingine. Kuwa Mkristo kulionekana kuwa ni kusoma, kuvaa nguo za Kizungu, kupata jina jipya na kuacha ngoma. Mnamo 1929 mgogoro wa tohara ya wasichana ulipopamba moto, misheni ya Waskoti ya Thogoto, Africa Inland Mission na misheni ya Kambui ziliwataka waumini waikane tohara hiyo kwa maandishi. Asiyejua kuandika alitia alama ya kidole gumba, na jambo zima likaitwa kirore. Maelfu waliondoka, wakaanzisha makanisa na shule zao. Wasichana walistahili kulindwa, bila shaka. Lakini katika macho ya wengi, alama ya wino ilikuwa imegeuka kipimo cha nani ni wa Mungu.

Mwaka huohuo, huko Kampala, daktari Mwingereza Joe Church aliyetumika Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo Mganda. Wote wawili walikuwa na kiu ya kitu kilichozidi dini ya desturi. Kutokana na urafiki huo na kazi ya Gahini ukaenea Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1937 timu ya Uamsho ilihubiri Kabete, na Obadiah Kariuki, aliyekuja kuwa askofu, akawa miongoni mwa waliookoka.

Ahonoki, kama waliookoka hao walivyoitwa kwa Kikuyu, hawakuleta fundisho jipya. Walilichukua lile la zamani wakalifanya mwenendo wa kila siku. Ikiwa haki ni zawadi, hakuna haja ya kuficha aibu: mwalimu alitubu mbele ya mpishi, Mzungu akaomba msamaha kwa Mwafrika katika nchi ya ubaguzi wa rangi. Walirudisha walichoiba. Waliitana ndugu, wakasalimiana kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, zawadi hiyo ilidai gharama. Muuma, kiapo cha Mau Mau, ulifunga watu pamoja kwa ajili ya ardhi waliyonyang'anywa, na madai hayo yalikuwa ya kweli. Ndugu wengi walikataa kula kiapo. Walisema damu ya Kristo imekwisha kuwafunga. Baadhi walikataa pia bunduki za serikali, wakawa washukiwa pande zote mbili. Wapo waliouawa. Mwaka 1955, vita vikiendelea, Kariuki na Festo Olang' waliwekwa wakfu Namirembe, Kampala, maaskofu Waafrika wa kwanza wa Kianglikana nchini Kenya.

Viapo vilirudi mwaka 1969, Gatundu, mwendo mfupi kutoka Thika. Safari hii serikali ilikuwa ya wananchi wenyewe, na bado makanisa yakapinga waziwazi.

Hata Uamsho ulinaswa na vipimo. Nchini Uganda kundi la Abazuukufu lilihesabu madeni kuwa dhambi, ndugu wakagawanyika. Mabishano ya namna hiyo hayajaisha. Ndiyo maana ushuhuda wa Kahawa Sukari unastahili kusikilizwa kwa makini: msemaji hutaja kosa lake kwa jina, wenzake huimba ubeti mmoja, kisha anaketi palepale alipokuwa ameketi, na chai inamiminwa kwa wote.