Fungo wa Katavi

Fungo ni mnyama wa usiku wa familia ya Viverridae. Jina lake la kisayansi ni Civettictis civetta, na alielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na Mjerumani Schreber mwaka 1776. Katika familia hiyo hakuna anayemzidi ukubwa barani Afrika. Aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 7 hadi 20. Wengi humwita paka, lakini si paka: pua yake imechongoka, kucha zake hazirudi ndani ya vidole, na nyayo zake hudhaniwa kuwa za mbwa. Mwili ni wa kijivu wenye madoa na mistari myeusi. Mgongoni ana nywele ndefu anazozisimamisha akitishwa, akaonekana mkubwa kuliko alivyo.

Miombo inayozunguka Mpanda, na ile ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye kilomita za mraba 4,471, inamfaa sana. Wageni hufika Sitalike kutazama nyati, na viboko wanaosongamana katika Mto Katuma wakati wa kiangazi. Fungo hawamwoni, kwa kuwa mchana hulala kichakani au katika shimo lililochimbwa na mnyama mwingine, akatoka peke yake giza likishaingia.

Anayetaka kumjua atafute choo chake. Fungo huenda haja mahali palepale, mara nyingi kando ya njia, hata pakawa na lundo. Ukilichokoa kwa kijiti utakuta pete ngumu za majongoo, mabawa ya wadudu, manyoya ya panya na mbegu za matunda ya porini. Jongoo hutoa majimaji makali yanayowafukuza walaji wengi; fungo humla bila taabu, kama anavyokula vyura wenye sumu, nyoka na mizoga. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi huwa karamu yake. Windo hulikamata kwa meno, wala si kwa miguu. Hulitikisa, akalitupa na kuruka nyuma. Mbegu alizomeza hutoka nzima mbali na mti uliozaa, na kazi hiyo ya kueneza miti inastahili kutajwa kabla ya wizi wake wa kuku.

Jike hubeba mimba kwa miezi miwili au zaidi kidogo, akazaa watoto 1 hadi 4.

Zabadi, uto mzito unaotoka katika tezi zilizo chini ya mkia, fungo huupaka kwenye miti na mawe kuwapa wenzake habari zake. Binadamu aliugeuza manukato. Nchini Ethiopia madume hufungiwa katika vizimba vyembamba na kukwanguliwa tezi kila baada ya siku chache, mateso yasiyo na udhuru tangu kemia ilipojifunza kutengeneza harufu hiyo. Muundo wa kiini chake, sivetoni, ulitambuliwa na Leopold Ružička mwaka 1926.

Kimataifa fungo hahesabiwi miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka, na huvumilia kuishi karibu na mashamba. Hata hivyo, anahitaji kichaka cha kujificha mchana. Karibu na Mpanda kichaka hicho hupungua kila miombo inapofyekwa kwa ajili ya mahindi na tumbaku, au kukatwa kuni za kukaushia tumbaku hiyo. Mfugaji anayepotelewa na kuku hana haja ya mtego wala sumu: banda lenye sakafu imara, likifungwa vizuri kabla ya magharibi, humzuia.