Maudhi na Madhara ya Dawa za Kushusha Mafuta

Mzee akiandikiwa vidonge vya kushusha mafuta kwenye damu, swali lake la kwanza huwa moja: "Hivi havina madhara?" Kiswahili cha kliniki kina maneno mawili hapa, maudhi na madhara, na ni hatari kuyachanganya.

Maudhi ni usumbufu unaovumilika au unaopungua dozi ikibadilishwa. Wanaohudhuria uzazi wa mpango wanayajua "maudhi madogo madogo" siku nyingi. Madhara ni dawa kuumiza kiungo.

Vidonge vyenyewe ni vya jamii ya statini, kama atorvastatini na simvastatini. Huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu, yaani kolesteroli. Lalamiko kubwa ni misuli kuuma, hasa mapaja na mabega, na mara nyingi hayo ni maudhi. Katika utafiti wa SAMSON uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020, watu waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya usumbufu walipewa kwa zamu statini, vidonge visivyo na dawa, na miezi mingine hawakumeza chochote. Takriban asilimia 90 ya usumbufu wa miezi ya statini ulijitokeza pia kwenye vidonge vitupu. Hawakuwa wanadanganya: maumivu waliyasikia kwelikweli, ila kwa sehemu kubwa yalitokana na kuyatarajia. Hali hiyo huitwa nosebo.

Madhara ni rabdomiolisisi, yaani misuli kuvunjika, protini yake ikamwagika kwenye damu na kuumiza figo. Ni nadra, lakini inaweza kuua. Ndiyo iliyoiondoa sokoni statini iitwayo serivastatini mwaka 2001. Misuli huuma sana na kulegea, na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi.

Mzee yuko karibu zaidi na hatari hii. Misuli yake imepungua, figo zimechoka, na mfuko wake wa dawa umejaa. Akipewa antibiotiki ya klarithromaisini kwa ajili ya kifua huku anameza simvastatini, ini hushindwa kuivunja statini nayo hujilimbikiza mwilini. Ritonavir, inayotumika kwenye baadhi ya tiba za VVU, hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana daktari atajiwe kila dawa, hata ile ya duka la mtaani.

Kwa hiyo bibi akisema mapaja yanamuuma, tusimwambie ni uzee, naye asiache vidonge kimyakimya, kwani vinamkinga na kiharusi na mshtuko wa moyo. Aulizwe mkojo una rangi gani. Ukiwa mweusi, asimeze kidonge kingine, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwa wa kawaida, amweleze daktari mapema: dozi hupunguzwa, au hupewa statini nyingine.