Seva Mbili Katika Nyumba Moja

Kijiji cha Chamwino, ambacho Mwalimu Nyerere alishiriki kukijenga siku za Operesheni Dodoma, kampeni ya kuunda vijiji, kwa kufyatua matofali pamoja na wanakijiji, kilikuwa kingali kichanga Serikali ilipopiga marufuku, mwaka 1974, kuingizwa kompyuta nchini. Kwa hiyo ile elimu ya kuziunganisha mashine na kuzipa anwani ilikulia ughaibuni, hata ilipotufikia ilikuwa imekwisha kukomaa pamoja na ila zake.

Hapo kwanza, kwa kanuni ya BOOTP ya mwaka 1985, msimamizi alilazimika kuandika katika daftari lake kila mashine na anwani yake. Oktoba 1993 Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani, alitoa kanuni ya DHCP, ambayo kwayo anwani huazimwa kwa muda: kompyuta inapowashwa hunadi kwa wote waliomo mtandaoni ya kuwa inataka anwani, kila seva, yaani mashine ya kugawa anwani, isikiayo hutoa yake, na mwombaji aghalabu hushika ile iliyomfikia mwanzo, asiulize mtoaji kapewa idhini na nani. Kuwapo seva zaidi ya moja hakukuhesabiwa kuwa kosa, maana moja ikizimika nyingine hujibu, maadamu zimegawana akiba ya anwani kwa mapatano. Na waraka uliorekebisha kanuni hiyo mwaka 1997 ulikiri waziwazi ya kwamba usalama wake ni haba.

Seva zisizopatana hukumbusha jambo la kale: katika karne ya 19 misafara iliyopita Ugogo, nchi ya Dodoma, kwenda Tabora ilitozwa hongo, yaani ushuru wa njia, na mtemi baada ya mtemi, nayo ikanung'unika sana. Lakini kila mtemi alidai haki katika nchi yake, ilhali seva mbili zisizopatana hudai nchi moja kwa wakati mmoja.

Microsoft ilijaribu kutia adabu kwa Windows 2000, ambayo seva yake, ikiwa ndani ya himaya ya Active Directory, orodha kuu ya kusimamia mashine na watumiaji, haigawi anwani mpaka iidhinishwe. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, iliwafunga watiifu peke yao. Kwani seva ya Linux, au ruta ndogo ya waifai iliyonunuliwa dukani na kuchomekwa ukutani na karani mwenye nia njema, haiijui sheria hiyo.

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma baada ya tangazo la mwaka 2016, baadhi ya wizara zilianzia kazi katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Na Mei 2023 ikazinduliwa Ikulu mpya ya Chamwino. Mahali popote panapohamiwa hivyo, mitandao ya wenyeji na ya wageni ikakutana katika kuta zile zile, hitilafu hii ya seva zisizopatana hupata rutuba: chumba kimoja, nusu ya makarani wanapata intaneti, nusu hawapati, na anwani za hao wasiopata zaanza na 192.168 ilhali za ofisi zaanza na 10. Fundi asikimbilie kuzima na kuwasha. Na atazame kwanza ni seva ipi iliyotoa anwani mbovu, aipate namba ya maunzi yake, kisha aitafute namba hiyo katika jedwali la swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, jedwali ambalo litamwonyesha tundu lenye waya wa kuchomolewa; na baada ya hapo aiamuru swichi ikatae majibu ya DHCP yatokayo katika kila tundu isipokuwa lile la seva halali, amri ambayo swichi nyingi za maofisini zinayo tayari, ila huja ikiwa imezimwa.