Uhalisia ulioongezwa katika mafunzo ya mila, Simiyu

Uhalisia ulioongezwa ni fani ya kudhihirisha, katika kioo cha simu au kishikwambi, sura ya kitu kisichokuwapo juu ya kile kilichopo mbele ya macho, kamera ikitambua, mathalani, alama iliyopigwa chapa kitabuni na programu ikaiweka picha mahali pake. Katika Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 na makao yake makuu yakiwa Bariadi, fani hii yaelekea kuwafaa zaidi wanafunzi wa msingi wanaosoma mila za Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote Tanzania, kwa sababu sehemu adhimu ya athari zao za kale, zikiwamo ngoma za watemi, watawala wao wa jadi, na zana za Bagika na Bagalu, vikundi hasimu vya mashindano ya kucheza, imehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora mkoani Mwanza, yaliyoasisiwa na Padri David Clement kutoka Kanada, ambako si kila mtoto wa wilaya ya Itilima, Simiyu, aweza kufika. Wilaya ya Meatu ya mkoa huo, isisahauliwe, ina Wahadzabe na Wataturu pia, wenye mila zao. Walakini picha haina uzito wa jembe mkononi, na shule isiyo na umeme yapata taabu kuitumia fani hii. Mzee wa kijiji, akialikwa darasani, angali mwalimu bora.